Majani ya mabaka: tuyaandike wapi katika daftari la mimea?



Tangu vikundi vya bustani vilipoanza kuandika mimea yao katika simu, swali moja linarudi kwetu kila mara. Tablo ina fasi ya jina, fasi ya shamba, fasi ya tarehe na fasi ya foto. Mama anajaza vizuri mpaka anapofika kwenye mmea wenye majani ya rangi mbili, kijani na njano, au kijani na nyeupe. Hapo kidole kinasimama. Je, hii ni aina nyingine? Inahitaji jina lake? Au mmea ni mgonjwa? Vikundi vingine vimejitengenezea fasi mpya inayoitwa "mabaka" na kutia humo chochote chenye madoa, tangu maua ya mbele ya nyumba mpaka mihogo ya shambani.

Tunaielewa sababu yake. Jicho linaona mabaka kabla ya kuona kitu kingine. Lakini fasi moja ya "mabaka" ina hatari, na hatari hiyo iko upande wa mihogo. Daftari la mimea linajazwa ili siku moja mama wa kikundi kingine aulize ni nani mwenye vijiti vya kupanda, vile ambavyo wengi kwetu huita buture, na apate jibu bila kuzunguka vijiji vitatu. Sasa tuseme amefungua daftari, akakuta mihogo yenye "mabaka" imeandikwa ukurasa mmoja na maua ambayo wanunuzi wanayatafuta kwa sababu ya mabaka yao. Hakuna neno la kumwonya. Anachukua vijiti, anapanda, na pamoja na vijiti anaingiza shambani ugonjwa wa mozaiki. Watoto wa nyumba ile ndio watakaolipa mwaka ujao, wakati mizizi itakapotoka midogo kama vidole.

Basi wiki hii tulizungumze jambo hili polepole.

Ya aina, ya mbegu, ya mmea wenyewe

Kwanza kuna aina. Mhogo ni aina, haragi ni aina nyingine. Ndani ya aina moja kuna kile ambacho sisi wakulima tunakiita mbegu: tunasema mbegu hii ya mihogo ni tamu, mbegu ile ni chungu, na zote ni mihogo. Kisha kuna mmea wenyewe, ule uliosimama kwenye kona ya shamba lako, wenye afya yake na maisha yake.

Kwa watoto wetu tunaijua tofauti hii bila kufundishwa. Kuwa na vidole vitano ni jambo la binadamu wote. Kuwa na masikio ya babu ni jambo la ukoo. Kuwa na surua ni jambo la mtoto huyu, wiki hii. Hakuna mama anayekubali surua iandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa.

Mabaka ya majani nayo yanakaa katika mojawapo ya fasi hizo tatu, na kazi yetu ni kujua ni ipi. Chukua ule mmea wa kutambaa ambao wamama wengi hupanda katika makopo na kuutundika barazani, wenye majani ya mistari ya fedha juu na zambarau chini. Jina lake la kisayansi ni Tradescantia zebrina. Mistari ile ni ya aina, kama milia ya punda milia, na jina lenyewe linasema hivyo. Hauhitaji jina la ziada. Andika jina la aina, kwenye fasi ya majani andika "mistari ya fedha, ya aina", endelea na kazi nyingine.

Mabaka ya mbegu yana maneno mengi zaidi, na mfano mzuri kuliko yote umetoka hapa hapa Congo.

Ulimi wa mama mkwe

Mnaujua ule mmea wa majani marefu na magumu yaliyosimama kama mikuki, unaopandwa mbele ya biro, kanisani na makaburini. Kwa Kifaransa wanauita ulimi wa mama mkwe (wamama wakwe watusamehe, jina si letu). Ni mmea wa Afrika, unaotoka katika nchi za joto tangu Nigeria mpaka Congo. Kwa miaka mingi jina lake la kisayansi lilikuwa Sansevieria trifasciata, na tangu mwaka 2017 wataalamu wameuhamishia katika ukoo mwingine na kuuandika Dracaena trifasciata. Katika daftari weka jina jipya, na la zamani uliweke kando yake, kwa sababu vitabu na wauzaji bado wanatumia la zamani.

Ukiutazama vizuri una mapambo ya namna mbili. Kuna mikanda ya kijani hafifu inayokata jani kwa upana. Hiyo ni ya aina, wote wanayo. Lakini ule ambao wanunuzi wanaupenda una pia kingo za njano zinazopanda tangu chini mpaka ncha ya jani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mimea ya namna hiyo ilijulikana Ulaya kupitia safari za Mbelgiji mmoja, Émile Laurent, aliyekuwa akikusanya mimea katika nchi yetu na ambaye alikufa mwaka 1904 akiwa njiani kurudi kwao. Wataalamu wa wakati ule wakaona kingo za njano, wakasema hii ni aina mpya, wakaiandika Sansevieria laurentii. Ikakaa hivyo mpaka mwaka 1915, alipokuja N. E. Brown wa bustani ya Kew, Uingereza, akaipanga upya mimea hiyo yote na kuiweka ile ya njano chini ya trifasciata, kama mtoto chini ya mama. Leo inaandikwa Dracaena trifasciata 'Laurentii'.

Kwa hiyo wamama wanaouliza kama rangi mbili zinafanya aina mpya hawaulizi swali la ujinga. Ni swali lilelile lililowashughulisha wataalamu miaka zaidi ya mia moja iliyopita, na jibu lao ni hapana. Mabaka peke yake hayaundi aina. Yanaweza kuunda mbegu.

Na kuna jaribio ambalo kila mama anaweza kulifanya nyumbani. Kata jani moja la 'Laurentii' vipande vya urefu wa kidole, uvichomeke katika mchanga wenye unyevu, ungoje. Inachukua miezi. Mtoto atachipuka chini ya kipande, mzima na mwenye nguvu, na atakuwa wa kijani kitupu. Njano imekwenda wapi? Haikuwemo katika kile kilichochipuka. Mmea huu ni kama nyumba moja yenye familia mbili: tabaka moja la mwili wake limepoteza uwezo wa kutengeneza rangi ya kijani, tabaka lingine bado linao, nayo yanakua pamoja chini ya ngozi moja. Wataalamu wanauita mmea wa namna hiyo kimera. Chipukizi linalozaliwa kutoka kipande cha jani linabeba familia moja tu, ile ya kijani. Ukitaka njano ibaki, unafukua mmea, unaugawa kwenye shina lake la chini ya udongo, na kila sehemu inaondoka na familia zote mbili.

Hapa pana pesa, wamama. Mwenye pepinieri anayeuza vipande vya majani na kuahidi kingo za njano anauza maneno. Ndiyo maana tunaomba daftari liwe na fasi inayoitwa "namna ya kuzidisha", na kwa mmea huu iandikwe wazi: kwa kugawa tu, jani linarudisha kijani.

Jina la mbegu linavyoandikwa

Kuna kitabu cha sheria za kimataifa juu ya majina ya mimea inayopandwa na watu. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1953. Hatuhitaji kukisoma chote. Mambo machache yanatutosha. Jina la mbegu linaanza kwa herufi kubwa na linakaa ndani ya alama ndogo za mkono mmoja mmoja, kama tulivyofanya kwa 'Laurentii'. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 1959, majina mapya ya mbegu hayaruhusiwi kuwa ya Kilatini. Majina kama 'Variegata' au 'Albomarginata' ni ya zamani, yaliachwa yaendelee. Nasi hatuna ruhusa ya kubuni 'Variegata' yetu kwa sababu tu tumeona mmea wenye mabaka. Kama hujui jina la mbegu, andika jina la aina, kisha kwa maneno ya kawaida: "mbegu haijulikani, majani kingo nyeupe". Inatosha kabisa.

Wengine wametuambia: kwa nini tusitafute tu neno variegata, simu ituletee mimea yote ya mabaka? Jaribuni kwa kroto, yale maua ya uzio yenye majani ya njano, nyekundu na kijani. Jina la aina yake ni Codiaeum variegatum. Kila kroto analo jina hilo, hata yule ambaye majani yake ni kijani kitupu. Na 'Laurentii' mwenye kingo za njano hana neno hilo mahali popote. Jina halitoshi. Mabaka yawe na fasi yake, na ndani ya fasi hiyo kuwe na maswali mawili, yanaonekanaje na yanatoka wapi.

Swali la pili ndilo gumu. Tumekwisha kuona kimera. Mimea mingine ina mchoro ulioandikwa katika urithi wake tangu mwanzo, na kila jani linauandika upya. Zebrina wetu ni mmoja wao. Mingine inang'aa fedha kwa sababu kuna hewa imenaswa chini ya ngozi ya jani, wala haijapungukiwa kijani. Pilea cadierei ni hivyo. Kwa mkulima tofauti hizi si za mapambo. Sehemu nyeupe kweli ya jani haina kijani, na bila kijani jani halipiki chakula kutoka kwenye jua. Mmea wenye weupe mwingi unakua polepole, unaungua upesi juani, na likitokea tawi la kijani kitupu katikati yake, tawi hilo linakimbia na kuwafunika wengine. Likate mapema, na katika daftari uandike tarehe na neno "umerudi kijani". Usifute yale ya zamani. Mnunuzi akirudi kulalamika, historia ya mmea iko pale.

Kuna habari moja ambayo hatuwezi kuipita bila kuwasimulia, kwa kuwa inawahusu wamama. Mnalijua ua lile linalofunguka jioni na kunukia usiku, Mirabilis jalapa, ambalo Wafaransa wanaliita mrembo wa usiku. Liko la majani ya mabaka, na juu ya mmea mmoja unaweza kukuta tawi la kijani, tawi jeupe na tawi la mabaka. Mwaka 1909 mtaalamu wa Ujerumani, Carl Correns, alichukua chavua ya tawi hili akaitia katika ua la tawi lile, mara nyingi, kwa kila namna. Akaona kwamba chavua ya baba haibadilishi chochote katika jambo hili. Punje zilizokomaa kwenye tawi la kijani zilitoa watoto wa kijani. Za tawi jeupe zilitoa watoto weupe, ambao walikufa wadogo kwa kukosa chakula. Za tawi la mabaka zilitoa mchanganyiko. Urithi ule unapita kwa mama peke yake. Kwa daftari letu maana yake ni hii: unapochuma punje au unapokata kijiti kwenye mmea wa mabaka, andika umechuma kwenye tawi gani. "Kutoka mmea namba 12" haisemi kitu kama mmea namba 12 una matawi ya rangi tatu.

Na wanaopenda kutuambia kwamba sayansi ya mimea ni kazi ya wanaume, wakumbushwe Barbara McClintock wa Marekani. Alitazama punje za mahindi zenye madoa, zile zile ambazo sisi tunaziona tukipukuchua, akauliza madoa yanatoka wapi. Akagundua kwamba kuna vipande vya urithi vinavyohama kutoka mahali kwenda mahali ndani ya chembe. Kwa miaka mingi wengi hawakumfuata. Mwaka 1983 alipewa tuzo ya Nobel, peke yake.

Mabaka ambayo ni ugonjwa

Sasa turudi shambani.

Mozaiki ya mihogo ilielezwa kwa maandishi mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sura yake kali zaidi ilianza kuharibu mashamba ya Uganda, na katika miaka iliyofuata ikaenea mpaka kwetu. Inaletwa na virusi. Virusi hivyo vina njia mbili za kusafiri: nzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani na kuruka kama majivu ukitikisa tawi, na mikono yetu sisi, tunapokata vijiti kwenye mmea mgonjwa na kumpa jirani. Njia hii ya pili haihitaji nzi hata mmoja, na inasafiri kwa basi, kwa mtumbwi na kwa pikipiki.

Mama anayejaza daftari atayajuaje mabaka haya? Asitazame rangi peke yake. Katika mozaiki jani linajikunja na kupotoka, vidole vyake vinakuwa vidogo, upande mmoja umesinyaa kuliko mwingine. Mabaka hayafuati mchoro. Jani hili lina namna yake, linalofuata lina namna nyingine. Uko mhogo wa mapambo, Manihot esculenta 'Variegata', ambao katikati ya kila kidole cha jani ni njano na kingo ni kijani. Lakini huo, ukitazama majani kumi utaona mchoro mmoja mara kumi, na jani limenyooka, laini. Mchoro unaorudia katika jani zuri unaelekea kuwa wa mbegu. Fujo katika jani lililopotoka inaelekea kuwa ugonjwa. Kipimo hiki hakimalizi mashaka yote, ila shambani kinasaidia sana.

Usichanganye pia na utitiri wa kijani, mdudu mdogo sana anayenyonya majani ya mihogo, hasa wakati wa kiangazi. Yeye anaacha nukta nyingi ndogo ndogo za njano kama zimechomwa kwa sindano, na majani ya kilele yanadhoofika. Geuza jani, tazama chini yake kwenye mwanga. Mvua zikirudi, mmea wenye utitiri hupata nafuu na kutoa majani mazuri. Wenye mozaiki unabaki na mozaiki yake.

Kuna jambo lingine ambalo daftari linaweza kulisema na macho hayawezi, yaani ugonjwa uliingia kwa njia gani. Tazama mihogo ikiwa bado michanga, mwezi wa kwanza au wa pili baada ya kupanda. Kama mabaka yako tangu majani ya kwanza kabisa ya chini, kijiti kilikuja nayo kutoka kilikokatwa. Kama majani ya chini ni safi na mabaka yanaanza juu, nzi ndiye aliyeleta. Andika "tangu chini" au "juu tu". Maneno mawili hayo, yakikusanywa kutoka mashamba kumi na mawili ya kikundi, yataonyesha kama tatizo ni chanzo cha vijiti vyenu. Na kama ni chanzo, kiko katika mikono yenu kukibadilisha msimu ujao.

Mama mmoja akatuuliza: je, sombe ya mhogo wenye mozaiki tunaweza kula? Ndiyo. Virusi vya mimea haviingii kwa watu. Sombe itwangwe na kupikwa vizuri sawa na siku zote, kwa sababu ya sumu ya asili iliyomo katika mihogo yote, mizima na migonjwa. Shida ya mozaiki ni mizizi kupungua, si sahani.

Maharagi nayo yana mozaiki yao: majani yana vipande vya kijani kizito na kijani hafifu, na yanajikunja kuelekea chini. Virusi vyake vinapita ndani ya punje. Mashina hayo yatiwe alama kabla ya mavuno, na punje zake ziende jikoni, zisirudi shambani.

Mtego mmoja uko upande wa maua. Liko ua la Abutilon pictum linaloning'inia kama taa ndogo za rangi ya chungwa, na mbegu yake inayoitwa 'Thompsonii' ina majani yaliyonyunyiziwa njano. Watu waliipenda na kuizidisha tangu karne ya 19. Kumbe njano ile inaletwa na virusi, vya kundi moja na vile vya mozaiki ya mihogo. Hapa mabaka yana jina la mbegu na chanzo chake ni ugonjwa, yote mawili kwa pamoja. Ndiyo sababu tulisema "yanaonekanaje" na "yanatoka wapi" yasichanganywe katika fasi moja.

Njaa ya udongo tutaitaja kwa kifupi tu. Jani jipya linalogeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani mara nyingi linalilia chuma. Likianza jani la zamani, mara nyingi ni magnezi. Mistari hiyo inapendeza macho, nayo inaondoka mmea ukilishwa. Iandikwe kama hali ya mmea, pamoja na tarehe.

Mistari mitatu ya mfano

Tuseme unajaza leo. Kwa mmea wa barazani: "Dracaena trifasciata 'Laurentii', jina la zamani Sansevieria, majani kingo za njano, chanzo: kimera, ngazi: mbegu, kuzidisha: kugawa tu." Kwa shamba: "Manihot esculenta, mbegu ya kienyeji, majani mabaka yasiyo na mpango, yamepotoka, tangu chini, chanzo: mozaiki, ngazi: mmea wenyewe, vijiti visitolewe." Na kwa kile usichokijua: "Mmea wa uzio, aina haijulikani, majani madoa meupe, chanzo: bado, ngazi: bado, visitolewe mpaka agronomu aone." Neno "bado" ni jibu halali. Linamwambia anayefuata kwamba mtu ametazama na hakubuni.

Ongezeni pia fasi ndogo ya "hatari kwa watoto". Baadhi ya mimea ya mabaka inayouzwa sana kwa sebule, kama Dieffenbachia na Caladium, ina utomvu unaochoma na kuvimbisha mdomo wa mtoto akiutafuna. Mnunuzi mwenye mtoto anayetambaa anastahili kuambiwa kabla ya kulipa.

Foto ziwe tatu: mmea mzima, jani juu, jani chini. Ipigwe kivulini, bila jua kali, kwa sababu jua linafanya kila jani lionekane lina mabaka. Wamama wa Kivu ya Kusini walio karibu na Mulungu wanaweza kuwapelekea watu wa INERA foto hizo pamoja na tawi. Wengine waanze na agronomu wa eneo lao. Na kwa vikundi vitakavyogawa vijiti kabla ya mvua, tunaomba jambo moja wiki hii: pitieni kila mstari wa mihogo ulioandikwa "mabaka" peke yake, nendeni shambani na simu, na mpaka mtakaporudi vijiti vya mistari hiyo vibaki bila kukatwa.